Sifa za Selekta Ndefu

Selekta ndefu inasemwa vibaya kila inapotajwa. Mimi nipo hapa Kambarage, Shinyanga, nyuma ya uwanja, na nitaitetea.

Itazameni ndani ya faili la CSS, tena ikipaka rangi ya kijani bei ya mchele tu: body div#kuu .safu ul li a span. Vipande saba! Mvivu angeipa bei klasi yake, .bei, akaenda kunywa chai. Huyo hana adabu. Selekta ndefu hupiga hodi kila mlango, kama tulivyokuwa tukimwelekeza mgeni: ukishuka stendi uliza uwanja, pita duka la Mangi, mwembe mkubwa, mlango wa bluu. Kisha mwaka 2022, kabla ya sensa, ikaja operesheni ya anwani za makazi na namba zikabandikwa kwenye nyumba. Siku hizi mgeni anafika bila kumsalimia mtu.

Ila kwa maelekezo yale ya zamani, Mangi akihama, mgeni anapotea. Hapo ndipo penye ulaji: mtu akiondoa ul moja tu kwenye ukurasa, kijani kinatoweka na fundi anaitwa tena, kwa malipo. Hiyo .bei ingemlisha nani?

Na ubabe je? Kwenye CSS, kitambulisho kimoja huzishinda klasi hata kumi. Mwenye #kuu hatikiswi na .bei. Anayetaka rangi nyingine sharti naye atafute #, au apige ukelele wa !important, wa tatu naye apige wake, mpaka faili zima linachangamka. Kivinjari nacho hakikai bure. Kinasoma kutoka kulia, kwa hiyo kinaanza na kila span iliyomo, ndipo kinapanda juu kuulizia wazazi.

Amani hii inavurugwa na mbea mmoja, Stylelint, programu ya kukagua faili za CSS. Ukiiwekea selector-max-compound-selectors kikomo cha 3, yangu yenye saba inashtakiwa papo hapo. Na selector-max-id ikiwa 0, #kuu inavuliwa cheo. Vijana huziweka kanuni hizi siku ya kwanza ya mradi, ati faili likishazeeka makosa hayahesabiki. Wana haraka ya nini?

Bahati nzuri mbea ana bei yake. Andika stylelint-disable-next-line juu ya mstari, atafumba macho. Mimi nimeandika. Ukaguzi umepita, mteja amelipa, na anayetaka mchele wake uwe mwekundu anajua pa kunipata.