Marka: Usicheke

Mtu wa Goma haelezwi chukudu ni nini. Ni mti mtupu: magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, usukani mrefu kama pembe za ng'ombe, na kipande cha kandambili pale goti linapokaa. Inabeba makala, viazi vya Kibumba, mbao, hata godoro pamoja na mwenye godoro. Mjini imesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko. Na mimi, kwa umri wangu wote, sijaona polisi wa barabarani akiidai bima.

Kosa langu lilikuwa kutaka kuipandisha cheo.

Kwetu ni Kalengera, kwenye njia ya Rutshuru. Ukitoka huku kwenda Goma na mzigo, unasukuma chukudu mlima mpaka Kibumba, ndipo nayo inakulipa kwa kukuteremsha mjini. Siku hizo njia ilikuwa wazi, na shemeji yangu, seremala, alikuwa ameokota injini ya pikipiki iliyopata ajali.

"Shemeki," akaniambia, "tukiunga chukudu mbili, tukatia na hii injini, ule mlima tutaupanda tukipiga mluzi."

Nilikuwa nimesoma kwamba Uingereza, tangu 1957, kampuni ya Lotus iliuza gari dogo liitwalo Seven kwa vipande, mnunuzi akaliunga mwenyewe nyumbani. Inasimuliwa kwamba sheria ya kodi ilikataza kumpa maelekezo ya kuliunga, basi kampuni ikampa maelekezo ya kulifungua, naye ayasome kuanzia mwisho. Shemeji hakuwa na maelekezo ya kuunga wala ya kufungua. Alikuwa na msumeno, misumari na imani.

Baada ya miezi mitatu tukawa na kitu chenye magurudumu manne, benchi la watu wawili na kelele za watu ishirini. Freni ilikuwa ile ile ya chukudu: kipande cha tairi, unakikanyaga kinaminya gurudumu la nyuma. Ubaoni nyuma shemeji akaandika kwa rangi nyekundu: USICHEKE. Kijiji kizima kikacheka.

Kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mwalimu huwa anaogopa karatasi kuliko radi, nilisema hatuliingizi barabarani bila plake ya namba. Nikaenda ofisini. Karani, kijana mpole, akatoa fomu.

"Marka?"

Nikanyamaza. Akachungulia picha niliyomletea, akasoma ubao wa nyuma, akaandika kwa herufi nzuri: Usicheke.

"Iliingilia mpaka gani, mwalimu? Bunagana ao Grande Barrière?"

"Iliingilia mlango wa nyuma wa shemeji."

Hakucheka. Fomu ilidai karatasi ya forodha, kwa sababu magari yetu yote hutoka ng'ambo, na lisilotoka ng'ambo halina pa kuandikwa. Nikamweleza kwamba miti ilipandwa na babu yangu. Akauliza kama babu ana risiti.

Mkubwa wake akaitwa, akafungua sheria. Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978, nchi ilipoitwa Zaire. Mimi nayo tumezaliwa mwaka mmoja, ila yenyewe haijaota mvi. Akanihukumu kwa upole: "Bila injini, hiki ni chukudu, nenda na amani. Kwa kuwa kina injini, ni gari. Na gari lazima liwe na namba ya shasi."

Shasi yetu ilikuwa mkaratusi. Nikarudi Kalengera, shemeji akapasha msumari moto, akachoma namba ubaoni, tarakimu moja moja, nane ikiwemo, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nikainakili kwenye karatasi, nikapiga picha, nikapeleka. Wakaniambia watatuma mtu wa kukagua.

Mtu alikuja baada ya wiki saba. Zilikuwa wiki za mvua, na Usicheke alilala chini ya ukingo wa paa, magurudumu kwenye tope. Mkaguzi aliomba tuwashe, likawaka. Akaomba tusimamishe, tukasimama, mbali kidogo na alipotuomba, mpira ukinuka moshi. Akaandika. Kisha akapiga magoti, akasoma shasi, akasoma karatasi, akasoma tena shasi.

"Mwalimu, hapa karatasi inasema nane. Kwenye gari naona tatu."

Nikainama. Mchwa walikuwa wamekula upande mmoja wa ile nane, kwa unadhifu ambao shemeji hajawahi kuufikia.

"Namba iliyobadilishwa," mkaguzi akasema kwa huzuni ya kweli, "ni dalili ya gari la wizi."

Shemeji ndiye aliyecheka wa kwanza. Mkaguzi akageuza uso, mabega yakaanza kumtikisika, mwisho akakaa kwenye benchi letu akajifuta machozi. Lakini plake hakutoa.

Injini tulimuuzia motari mmoja wa Rubare. Shemeji akaung'oa ule muungano, chukudu zikawa mbili kama zamani. Wiki iliyofuata nikazikuta kizuizini zimesheheni makala, moja bado na neno USI, nyingine CHEKE. Polisi akazitazama, akainua kamba, zikapita.

Fomu yangu ipo ukutani, imepigwa muhuri. Nawe msomaji, ukitaka kutengeneza gari lako mwenyewe, anza na karatasi. Mbao hazikosekani.