Kwenu Upo?

Taa zilipozimika saa 1:30 usiku, mwandishi wa safu hii alijishuku mwenyewe kwanza: luku imeisha. Akanunua umeme wa shilingi 10,000 kwa simu, akashika tochi kwa meno na kuanza kubonyeza tarakimu 20 za tokeni. Mita ikamtazama kimya. Alikuwa tarakimu ya 17 mkewe aliposema kutoka dirishani, kwa upole uliouma kuliko tusi, "Baba, mtaa mzima giza."

Si kwamba wakazi hawakuwa na taarifa. Tangu juzi tangazo lilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, katikati ya michango ya harusi na dua za asubuhi: umeme ungekatika saa 3:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni kwa ajili ya matengenezo kinga, maeneo matano "na maeneo ya jirani". Maneno hayo ya mwisho ni shuka pana. Watu wakapiga pasi usiku, wakajaza ndoo, wakaahirisha kusaga. Umeme ukawaka mchana kutwa. Saa 11:30 jioni mwandishi, kwa furaha ya aliyesamehewa deni, akanunua samaki kilo nne na kuwatia kwenye friji.

Alipopiga simu, huduma kwa wateja wa kampuni ya umeme walimwomba namba ya mita, tarakimu 11 nyingine, kisha wakamjulisha kuwa fundi yuko njiani. Njia ipi, hawakusema.

Wateja wenzake wa Kenya waliwahi kutendewa haki. Tarehe 7 Juni 2016 nchi nzima ilipozama gizani, kampuni ya kuzalisha umeme, KenGen, ilieleza wazi: tumbili alipanda paa la kituo cha umeme cha Gitaru, akaangukia transfoma, nayo ikajizima. Mashine nyingine zikazidiwa, zikapotea zaidi ya megawati 180. Tumbili alipona, akachukuliwa na watu wa wanyamapori. Wakenya walicheka, lakini walijua aliyewazimia taa, na hata picha yake waliiona. "Hitilafu ya kiufundi" haina picha.

Huku, habari iliendelea kupatikana kwa njia ya asili, dirisha kwa dirisha: "Jirani, kwenu upo?"

Saa 7 usiku watoto wa mtaa mzima wakatangaza, "Umerudiiii!" Ujumbe wa kampuni, wa kuomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza, uliingia saa 2 asubuhi, samaki wakiwa tayari jalalani.