Kazi kwa Kazi, Si Sura kwa Sura

Anayetaka kuunda transmita ndogo ya FM akiwa Bunda hupewa jibu moja hata kabla pasi ya lehemu haijapata moto: "Hiyo hamna, fundi, lakini chukua hii, ni ileile tu." Mchoro unadai transista ya BC547, iliyopo ni C945, urithi kutoka kwa redio marehemu. Mtambo ukigoma, lawama zote huangukia vipuri vya kubahatisha. Nadhani vinaonewa. Kubadilisha kipuri si kosa. Kosa ni kulinganisha sura na kusahau kazi. C945 inaimudu kazi ya BC547, ila miguu yao haikupangwa sawa. Ukiutazama ubapa, BC547 huanza na kolekta, ikafuata besi, kisha emita. C945 ni emita, kolekta, besi. Aliyechomeka kwa kufuata sura amepata transmita yenye adabu kupita kiasi: haitoi hata neno. Mwingine huvutiwa na 2N3055 ya amplifaya, kwa kuwa ni kubwa na imetumika harusi nyingi. Nguvu inazo, lakini haifiki hata megahezi 10, na FM huanzia karibu na 88. Ni kumtuma kiboko wa Ziwa Victoria akatunge uzi kwenye sindano. Kapasita nayo ina hila zake: iliyoandikwa 103 si pikofaradi 103, ni 10,000. Na hata kosa likiwa dogo kuliko hilo, ukiweka uwezo mara nne kwenye saketi ya koili, masafa hushuka nusu. Aliyekusudia megahezi 100 yuko 50, anazungusha redio Musoma nzima akiitafuta sauti yake mwenyewe.

Wapo watakaosema: basi subiri vipuri halisi kutoka Mwanza au Dar es Salaam. Lakini huo uhalisi wenyewe una uvumilivu. Rizista ya omu 47,000 yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kupotoka asilimia 5. Ukiunga mfululizo ya 22,000 na ya 27,000 unapata 49,000, bado umo ndani. Koili iliyozungushwa kwenye kalamu haitoki sawa mara mbili, ndiyo maana fundi huivuta masafa yapande, au huibana yashuke. Butiama, nyumbani kwa Mwalimu Nyerere, haihitaji kukumbushwa kwamba kujitegemea kulikohimizwa na Azimio la Arusha mwaka 1967 kulitaka akili pamoja na mikono. Wengine watasema haka ni kamchezo tu, kana madhara gani? Kapasita ikiwa ndogo mno, masafa hupanda. Ukishapita megahezi 108 umeingia kwenye masafa ya usafiri wa anga, na Musoma ina uwanja wa ndege. Hata ukibaki ndani ya FM, masafa yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya sheria ya mwaka 2010. Rizista husamehewa asilimia 5. Kukosa kibali hakusamehewi hata moja.