Heko kwa Wenye Pikipiki za Tope

Nakuru hapakosi wabishi wanaodai kwamba pikipiki ndogo ya lami na tope, mfano Honda CRF300L, ni pesa iliyotupwa. Wapuuzeni. Anayepanda Mau Narok msimu wa mvua lazima awe na kiti kilichoinuka sentimita 88 kutoka ardhini, ili akianguka, aanguke kutoka mahali pa hadhi. Anahitaji pia buti za kufika magotini, kamera juu ya helmeti, na subira ya kungoja spea kutoka ng'ambo.

Ni kweli, pale kwenye utelezi atapitwa na kijana wa gambuti juu ya Boxer ya sisi 150, nyuma kapakia magunia mawili ya waru, na juu ya magunia mama mmoja na kuku wake. Lakini huyo tumsamehe. Hakuna aliyemwambia kwamba chombo chake ni cha lami. Angalijua, angalikwama kama watu waliosoma.

Tena, tangu Nakuru itawazwe jiji Desemba 2021, mwenye pikipiki ya tope halazimiki hata kutoka mjini kutafuta njia ya kuijaribia.

Na ikimzimikia huko Elburgon, asihangaike. Kijana wa Boxer ataipakia nyuma, aifunge kwa mpira, aifikishe kwa fundi mjini. Bei ni ile ile ya magunia mawili, ila mwenyewe atafute matatu.