Mbwa Aliyefika Kilimanjaro: Mhadhara wa Kitaalamu Kuhusu Mizimu ya Amboni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wazee wetu mliokaa mbele, akina mama mliokaa karibu na soda, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa. Ambayo haikuzingatiwa ni yangu, maana mshereheshaji amenitambulisha kwa vyeo viwili tu na vingine akavimeza. Nitavitaja mwenyewe, kwa kuwa mizimu haizungumziwi na mtu asiye na cheo. Mimi ni Profesa, Daktari, Mhandisi wa Mambo Yasiyoonekana, Mshauri Mwelekezi wa Mapango, na Mlezi. Mlezi wa nini? Mlezi tu. Kijana wa kipaza sauti, ongeza mwangwi kidogo. Somo lenyewe ni la mapangoni.

Mada yangu ni Mapango ya Amboni. Wengi wenu mmezaliwa hapa Tanga na mnadhani mnayajua, kisa yako kilomita nane tu kaskazini ya mji, unashika barabara ya kwenda Horohoro, unakata kuingia Kiomoni, bodaboda anakushusha mlangoni. Kujua njia ya kufika mahali si kujua mahali. Mimi kwa mfano njia siijui vizuri, na hali hiyo imenisaidia sana kuyachunguza mapango yale bila upendeleo.

Nianze na wapinzani wangu, wanajiolojia, tumalizane nao mapema. Hawa wanadai kwamba mawe yale ni ya chokaa, ya zama za Jura, umri wake miaka milioni 150 hivi, na kwamba chokaa hiyo ilijijenga chini ya bahari. Baadaye, wanasema, maji ya mvua yalibeba hewa ya ukaa kutoka angani na udongoni, yakawa na ukali kidogo, yakapenya kwenye nyufa na kuuyeyusha mwamba taratibu mpaka pakawa na vyumba na ujia. Tone likidondoka darini linaacha chembe ya chokaa, tone jingine linaongeza yake, na ndiyo mnaona mawe yananing'inia juu na mengine yanaota kutoka sakafuni. Eneo lote la mawe hayo wanalikadiria kilomita za mraba 234. Haya, mimi sina ugomvi na maji. Nauliza kimoja tu: hayo maji yalitumwa na nani? Nilimuuliza mwanajiolojia mmoja swali hilo ana kwa ana, akaniomba nimpishe, daladala yake inaondoka. Ushindi wa kitaaluma ndivyo unavyokuwa.

Ikaja 1994. Wakafika watafiti wa Ujerumani na Uturuki na vipimo vyao, wakatambaa, wakaandika, wakatangaza kwamba mapango ni 10, na lililo refu kuliko yote lina mita 900. Mita 900! Mtu anayetoka Raskazone kwenda sokoni Ngamiani anatembea zaidi ya hapo na hakuna anayemsimulia. Pango ambalo babu zetu wametwambia upande mmoja linatokea Mombasa na upande wa pili linatokea Kilimanjaro, leo linakatwa mpaka linaingia kwenye uwanja wa shule, na sisi tukae kimya? Nimeipitia kazi yao kwa makini, kwa kusimuliwa, na dosari yake nimeiona: walipima mapango yaliyokubali kupimwa.

Ndiyo maana nikaunda nadharia yangu mwenyewe, inayoitwa Lisemwalo Lipo. Mnaifahamu sehemu ya kwanza. Nguvu yake iko kwenye sehemu ya pili, kama halipo laja. Angalieni ilivyo imara: ukienda ukalikuta, nimeshinda, usipolikuta, hujasubiri vya kutosha. Sayansi zote mnazowasomesha watoto hazina kinga ya namna hiyo.

Sasa tufike kwa mbwa. Kisa mnakijua, ila mmekuwa mkikisimulia kihunihuni. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Wazungu wawili waliingia mapangoni na mbwa wao. Wengine husema walikuwa mtu na mkewe, wengine husema marafiki. Mimi nasema walikuwa Wazungu, yatosha. Hawakuonekana tena. Miezi ikapita, mbwa akaokotwa Kilimanjaro, mamia ya kilomita kutoka hapa tulipo, keshakufa. Wako wanaosimulia kuwa alikuwa hai. Mgogoro huo umegawa vijiwe vya kahawa kwa muda mrefu, nami nimeusuluhisha: alitoka hai, akaona baridi, akafa.

Alikula nini njiani? Popo. Alikunywa nini? Hayo hayo maji ya wanajiolojia. Alijuaje njia? Hakuijua, ndiyo sababu alitokea Kilimanjaro badala ya kurudi nyumbani. Na nani aliyemtambua kule mlimani kuwa ndiye mbwa wa Amboni, ilhali wenyewe wamepotea na yeye hakuwa na barua ya mtendaji wa kijiji? Swali hilo limeulizwa na mwalimu wa jiografia, yule pale nyuma. Swali zuri sana, Mwalimu. Tutalijibu nje ya ukumbi.

Mwalimu hakutosheka, amesimama tena. Anasema huko Uskochi nako wanasimulia kisa cha mpiga zumari aliyeingia pangoni na mbwa wake, watu juu ya ardhi wakawa wanaufuata muziki kwa masikio, ghafla ukakatika. Mpiga zumari hakurudi, mbwa akatokea mbali kwenye tundu jingine, hana hata unyoya mmoja. Anasema visa vya namna hiyo viko pango kwa pango kule kwao, kwa hiyo huenda waliotuletea mbwa ni Wazungu wenyewe, walikuja na hadithi begani kama walivyokuja na bunduki. Mwalimu, nakushukuru kwa kuniunga mkono. Umethibitisha kuwa mbwa wa dunia nzima wanafahamu njia za chini. Huyu wa Uskochi kunyonyoka manyoya na huyu wetu kufa kwa baridi, hamuoni uhusiano? Keti, Mwalimu.

Ushahidi wa pili wa urefu wa njia hizo uko ukutani mwa pango lenyewe. Wageni huonyeshwa mawe yenye maumbo: hili sofa, lile mamba, hii meli, na ile pale Sanamu ya Uhuru ya New York. Wasio na elimu wanasema jicho la binadamu gizani hujitafutia kitu linachokijua. Mimi nawauliza, mzimu wa Tanga umeionaje Marekani hata ukaichonga, kama hakuna ujia wa kwenda huko? Sofa sina tatizo nalo. Sofa hata Tanga yapo.

Kuhusu Osale Otango nitasema machache, kwa kuwa wazee wa mbele wameanza kukunja nyuso. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa ikimsaka yeye na mwenzake Paulo Hamisi, ikiwaita majambazi. Huku vijijini ikasimuliwa kuwa walikuwa wakiwapokonya wenye nacho na kuwapa wasio nacho, na maficho yao ni humo mapangoni. Utafiti wangu unaonyesha kuwa askari walishindwa kumkamata mle ndani kwa sababu aligeuka jiwe. Ndiyo, mzee wangu? Mzee anasema mtu hahitaji kugeuka jiwe penye giza lile, anachohitaji ni majirani wa kumletea ugali na kufunga midomo. Shikamoo, mzee. Maoni yako yataingia kwenye kiambatisho.

Nimefika kwenye kiini, Mzimu wa Mabavu. Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua wameufuata kwa vizazi, mwenye maradhi aombe afya, asiye na mtoto aombe mtoto. Kampuni ya mkonge ya Amboni iliyatenga mapango yale kwa hifadhi mwaka 1922, na 1963 yakakabidhiwa idara ya mambo ya kale, lakini mizimu haikupewa nakala ya barua, kwa hiyo watu waliendelea kwenda. Nimeonyeshwa picha ya mahali penyewe. Pana vyungu vyenye majivu ya ubani, vitambaa, sarafu, na chupa za marashi ya waridi zimeegeshwa mwambani, nyingine zimekauka, moja imebaki robo na kizibo chake kimerudishwa vizuri. Kizibo hicho kimenishughulisha sana. Nani alikirudisha? Nimeandika kurasa kadhaa kuhusu kizibo.

Bi Mkubwa mwenye kanga ya njano ananyoosha mkono. Anasema aliyekirudisha ni aliyeyaweka, marashi yakiachwa wazi si yanaruka? Yeye mwenyewe alikwenda zamani na binti yake, wakaacha marashi na ubani, wakatoka. Bi Mkubwa, shikamoo, wewe ni hazina, tafadhali nijibu kitaalamu: huo mzimu ulikuwa na urefu gani? Ulivaa nini? Ulitoa sauti nene au nyembamba? Anasema, "Mwanangu, mimi sikwenda kumtazama mtu, nilikwenda kuomba." Na maombi yalijibiwa? Anasema mjukuu yuko darasa la sita na hesabu zinamshinda. Mabibi na mabwana, mnaona wenyewe hali ya takwimu zetu ilivyo. Mashahidi wanakwenda eneo la tukio na hawachukui vipimo.

Nimalizie na sauti. Wote walioingia ndani wanakiri kwamba gizani husikika mlio, tk, tk, tk, wa haraka, unakuja kutoka juu, na harufu kali inayowasha macho. Mimi nimeitambua hiyo kuwa ni Kizimu cha kale, lahaja ya kaskazini, na kamusi yake iko njiani. Nani anacheka? Ahaa, ni kijana anayetembeza wageni pale mapangoni. Karibu, kijana, sema, lakini kwa ufupi, umebakiwa na dakika zangu chache.

Anasema wale ni popo walao matunda. Kwamba aina ile wanagonga ulimi ili mlio urudi kutoka ukutani na kuwaeleza mwamba uko wapi. Kwamba harufu ni ya kinyesi chao, kimelala sakafuni miaka na miaka. Kwamba ukifika kwenye tundu jembamba unalala kifudifudi, unavuta kiwiko cha kulia kwanza, na yeye akizima tochi huko ndani, mgeni hunyanyua kiganja mbele ya pua yake asikione, na hapo ndipo wengi huanza kusikia majina yao yakiitwa. Kwamba jua likitaka kuzama, simama nje tu, hao popo wanamwagika mlangoni, unasikia upepo wa mbawa usoni, mpaka adhana ya magharibi inakwisha hawajaisha.

Maelezo mazuri, yenye hisia. Ila, kijana, umefanya kazi humo miaka mingapi? Tangu umalize shule. Unaingia kila siku? Hata mara tatu kwa siku, msimu wa wageni ukifika. Na mzimu umeuona? Hujauona. Basi, wasikilizaji wangu, pimeni wenyewe: huyu ameingia kila siku na hakuna alichoona, mimi sijaingia hata mara moja na mmeona niliyonayo.

Ananialika. Anasema twende kesho asubuhi, kiingilio atanilipia yeye. Asante, lakini kesho nina kikao. Keshokutwa pia. Isitoshe, mtafiti akiingia ndani ya mada yake anapoteza umbali wa kitaaluma, na goti langu la kushoto nalo halipendi chokaa.

Tangazo la mwisho. Vyeti viko mezani kwa mshereheshaji. Kipo cha Mhudhuriaji, na kipo cha Shahidi wa Mizimu, ambacho bei yake imepanda kidogo kwa ajili ya muhuri. Mgeni Rasmi utapewa chako bure. Bi Mkubwa, chukua cha kwanza. Wewe kijana wa mapangoni, rudisha hicho ulichoshika, hicho ni cha watu walioona.