Wakaguzi wa Mashimo

Anayedhani fedha za Kampala hazina walinzi hajapita Nakasero. Wizara ya Fedha iko Apollo Kaggwa Road, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu yuko barabara hiyohiyo, Bunge liko jirani, na Mamlaka ya Jiji, yaani KCCA, haiko mbali. Mtoaji, mtumiaji, mkaguzi na mhoji wanaweza kutembeleana bila kulipa boda. Nauli basi tusiisingizie.

Sheria nayo imejipanga. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, ripoti ya Mkaguzi inafika bungeni kufikia Desemba 31, kisha Katiba inawapa waheshimiwa miezi 6 ya kuijadili na kuchukua hatua. Kwa hiyo shimo la barabarani lililozaliwa Julai, mwaka wa fedha ulipoanza, linaweza kutimiza mwaka mmoja na nusu ndipo ripoti itue mezani. Kwa umri huo limeshaota meno. Waulizeni wenye matairi.

Aprili 2023 wenye mji walichoka kungoja. Mchora katuni Jimmy Spire Ssentongo akaanzisha maonyesho ya mashimo mtandaoni, na watu wakamimina picha: shimo lenye maji, shimo lenye bodaboda ndani, shimo ndani ya shimo. Hapakuwa na posho, semina ya hotelini wala chai ya saa nne. Rais akaagiza KCCA ipewe shilingi bilioni 6 za kuyaziba.

Bilioni hizo nazo ni mali ya umma, zinastahili kukaguliwa. Foleni inaanzia Apollo Kaggwa.