Karibuni Nyote, Kasoro Magoti

Sisi Watanzania tunajisifu sana kwa kuishi pamoja watu wa dini mbalimbali, na mimi sikatai, sifa hiyo tumeifanyia kazi. Ukoo wangu peke yake ungeweza kufungua mkutano wa serikali: dua upande huu, sala upande ule, na bado anabaki mjomba mmoja asiyekwenda kokote, ambaye kazi yake ni kutulindia viatu na mikoba. Mama Mkubwa ni Mwislamu. Mdogo wake, yaani mama yangu, aliolewa na Mlutheri. Ramadhani tunafuturu kwa Mama Mkubwa mpaka mikanda inalegezwa. Krismasi mbuzi anachinjwa na mwanawe, ili kila mtu ale bila kuuliza maswali. Hakuna aliyetuitia semina wala kutulipa posho ya kikao.

Kwa hiyo ugomvi wangu si wa dini. Ugomvi wangu ni wa ngazi.

Magoti ya Mama Mkubwa yamegoma. Siku nzuri anatembelea gongo, siku mbaya anasukumwa kwenye kigari. Na katika ukoo mkubwa kila mwezi kuna anayeoa, anayebatizwa au anayezikwa, nami ndiye dereva, msukumaji na mbeba gongo. Nimeingia naye nyumba za ibada za kila aina mpaka nimekuwa mkaguzi wa majengo asiye na mshahara. Taarifa yangu ya ukaguzi ni hii.

Kanisani pameandikwa juu ya mlango, kwa herufi za dhahabu: Karibuni Nyote. Ili uzisome hizo herufi vizuri, sharti kwanza upande ngazi. Mzee wa kanisa akatuona tumekwama chini, akasema kwa upole, "Mama, usijali, naita vijana wanne wakubebe." Mama Mkubwa akamtazama. "Baba, ahsante. Lakini watu ninaowajua waliobebwa na vijana wanne, hakuna aliyerudi kutusimulia." Tukakaa nje chini ya mwembe, tukafuatilia harusi kwa spika. Kapu la sadaka, hata hivyo, lilitufikia palepale mwembeni bila kubebwa na vijana wanne, na nyuma yake ikaja karatasi ya lipa namba. Katika jengo lile sadaka ndiyo haijawahi kukwama ngazini.

Msikitini, sehemu ya wanawake iko ghorofani. Mabomba ya kutawadhia yako chini kabisa, na mbele yake kuna vigoda ambavyo ukishakaa, kuinuka ni dua nyingine. Ndiyo maana Mama Mkubwa hupenda zaidi swala ya Idi inayoswaliwa uwanjani. Anasema uwanja hauna ghorofa, na hakuna kamati iliyowahi kuuongezea.

Matangani napo kuna mkeka. Wenzake wanakaa chini, yeye tunamtafutia kiti. Sasa matangani, mwanamke mzima akikalishwa kitini katikati ya walioketi chini, watu humdhania mfiwa mwenyewe. Msiba mmoja, watu walipanga foleni kumpa pole ya mume, wengine wakimpenyezea noti kiganjani, huku mjane mwenyewe yuko pembeni anamenya vitunguu. Nilipomnong'oneza awarekebishe, akasema, "Mwanangu, pole haikataliwi." Noti alizipeleka kwa mjane. Pole alibaki nazo.

Washika dini msinikasirikie, maana vitabu vyenu vyenyewe viko upande wangu. Sura ya 80 ya Kurani, Abasa, wafasiri wengi wanaieleza kwa habari ya kipofu aliyekuja kutaka mafundisho wakati Mtume anazungumza na wakubwa wa Makka, akakunjiwa uso, na yakashuka maonyo. Kipofu yule, Abdullah bin Ummi Maktum, baadaye akawa mwadhini Madina. Tena katika swala, asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuketi huswali amelala ubavu. Yaani Mungu amekubali mtu aswali amelala, fundi ndiye aliyekataa asiingie.

Upande wa pili, Marko sura ya 2: watu wanne walimbeba mwenzao aliyepooza, wakakuta mlango umejaa, wakapanda wakatoboa dari wakamshusha mbele ya Yesu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Yesu aliuliza dari ni ya nani. Leo toboa bati la msauzi uone kama mweka hazina hatakufikia kabla mgonjwa hajafika chini.

Hata serikali imewatangulia. Sensa zetu hazijamwuliza mtu dini tangu ile ya 1967, lakini ya 2022 ilimwuliza Mama Mkubwa kama ana shida ya kuona, kusikia au kutembea. Karani mwenye kishikwambi, aliyekaa naye muda mfupi tu, alijua kuuliza swali ambalo kamati za ujenzi hazijawahi kuliuliza. Na tangu 2010 tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotaka majengo yanayotumiwa na umma yafikike.

Nilimtajia sheria hiyo mjumbe mmoja wa kamati ya ujenzi. Akanijibu, "Lakini hapa kwetu hatuwaoni watu wa vigari." Bila shaka hamwaoni! Wako nyumbani, wanawasikiliza kwa spika.

Nisiwe mchoyo wa sifa: kuna mahali wamejenga mteremko. Kipimo kinachojulikana ni kwamba kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi nne za sentimita 15 kila moja ni sentimita 60, hivyo mteremko wake unataka zaidi ya mita 7. Wa kwao una urefu wa benchi. Unafaa kushushia magunia, na kwa bahati nzuri haumdhuru mtu, kwa sababu juu yake pameegeshwa jenereta.

Sasa watu wa kamati wameniletea kadi ya mchango wa awamu ya pili ya ujenzi. Nikadhani ni mteremko. Ni mnara. Wanataka uonekane kutoka mbali, ili waliokwama chini wajue pa kukwamia. Penye ahadi nimejaza: saruji mifuko mitano, imwagwe mlangoni, na nisimamie mwenyewe. Mweka hazina amenipigia simu kwa huzuni kubwa, kwamba mchango wa nyumba ya Mungu hautolewi kwa masharti.

Nimemwuliza: mlango wenu una masharti, mchango wangu ukose kwa nini?